Kabla Hujanunua Chensoo ya Zamani, Shika Mpini Kwanza

Kwa wale mliosikiliza kile kipindi chetu cha vitu vya wazee vilivyobaki stoo, mtakumbuka nilisema natafuta zawadi ya baba. Anatimiza miaka 70. Keki hataki, saa hataki, suti anazo mbili na anasema zitamfikisha kaburini. Nilipombana aseme anachotaka, alitazama nje ya dirisha akasema, "Nitafutie msumeno kama ule wa Mufindi, mama. Sio wa kukatia. Wa kuangalia tu."

Wengi mmeniuliza kama niliupata. Jibu ni ndiyo na hapana, na mtaona kwa nini. Ila njiani nilikutana na historia ambayo sikuwa naitafuta, na nimeona bora niiandike kuliko kuisimulia kwenye maikrofoni, maana kuna sehemu ambayo sauti yangu isingevuka.

Kwanza mjue tunakotoka. Baba ni Mhehe wa Mufindi, nyanda za juu za Iringa, ambako mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kugonganisha meno na vilima vimefunikwa na mashamba ya paina. Kuanzia 1976 hadi 1987 alikuwa mkataji wa miti kwa msumeno wa mnyororo. Bongo wengi huuita chensoo, Wakenya huuita pawasoo. Mwaka 1988 akaja Uswidi kwa kozi ya miezi sita ya vitalu vya miche, akakutana na mama, akabaki. Tangu hapo ameendesha mabasi ya mjini mpaka alipostaafu, na msumeno hakuushika tena. Mimi nimezaliwa Jönköping, nimesomea uhandisi wa majengo, na Kiswahili changu cha gereji nimekirithi kwake. Mkikuta neno la fundi humu halijanyooka, lawama zake.

Kitu kingine ni vidole vyake. Tangu tukiwa wadogo, baba akisimama kituoni wakati wa baridi, vidole vinapauka kama vimepakwa chaki. Sio mkono mzima. Ni vidole vitatu vya mkono wa kushoto na viwili vya kulia, kuanzia nchani hadi kwenye kiungo cha kati, na pale weupe unapoishia unaona mstari kabisa. Anavificha kwapani, vikirudi vinamuuma mpaka anakunja uso. Sisi watoto tulikuwa tunacheka: "Baba anageuka Mswidi!" Naye anacheka. Nyumbani maelezo yalikuwa ni hayo tu, kwamba mwili wa mtu wa Iringa na theluji havipatani. Hatukujiuliza mbona mama, aliyekulia kwenye joto la Tanga, vidole vyake viko salama.

Msumeno usio na jina

Tatizo la kwanza lilikuwa hili: baba hakumbuki ulikuwa msumeno wa kampuni gani. "Rangi ilishaisha, kibati kilishang'oka. Tuliuita msumeno tu." Alikumbuka mambo manne. Haukuwa na breki. Platini zilimsumbua kila msimu wa mvua. Haukuwa na gia. Na mpini ulifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye injini. Niliyaandika kwenye simu nikidhani ni kumbukumbu za mzee. Kumbe alikuwa amenipa tarehe, ila sikujua kuisoma.

Uswidi ni mahali pazuri pa kutafuta chensoo za zamani. Zaidi ya nusu ya nchi ni misitu, na karibu kila banda la shambani lina msumeno uliolala. Matangazo ni mengi, na mengi yanasema maneno yale yale: wa miaka ya 60, unawaka. Usiamini. Si kwamba muuzaji ni mwongo. Mara nyingi amerithi, anakisia tu. Rangi hupakwa upya. Stika za majina zinauzwa. Kifuniko cha modeli moja hukaa vizuri tu juu ya nyingine.

Hata jina lenyewe halitoshi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, Electrolux ilikuwa inamiliki Husqvarna, Jonsered na Partner, majina matatu makubwa ya misumeno hapa. Baadaye misumeno mingi ya Jonsered ikawa ni Husqvarna iliyovaa shati jekundu. Namba ya kibati inasaidia, kama kibati kipo. Kwa Husqvarna za miaka ya 1980 na 1990, namba huanza na tarakimu ya mwisho ya mwaka, halafu tarakimu mbili za wiki. Kwa hiyo 623 mwanzoni ni wiki ya 23 ya 1986. Au ya 1996! Muongo wenyewe utauona kwenye mwili wa msumeno. Na kuusoma mwili wa msumeno ni kusoma historia, haina njia ya mkato.

Tuusome basi

Wazo la mnyororo wenye meno halikuanzia msituni. Mwishoni mwa karne ya 18, madaktari wawili wa Uskoti, John Aitken na James Jeffray, walitumia kimsumeno cha mnyororo cha kuvuta kwa mikono kukatia mfupa. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupanua nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua. Ndiyo, nami nilisoma mara mbili. Kifaa hiki kilipita kwenye mwili wa binadamu kabla hakijaufikia mti.

Msituni kilifika miaka ya 1920, Ujerumani. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Stuttgart alitengeneza msumeno wa umeme wenye uzito wa kilo 64, wa kushikwa na watu wawili. Mwaka uliofuata Emil Lerp akaleta wa petroli wa kilo 58, akaujaribia kwenye mlima uitwao Dolmar, na kampuni ikabeba jina la mlima. Kwa hiyo ukikuta msumeno wenye mpini injini iliko na mpini mwingine mwisho wa upanga (upanga ni ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo), ujue umeshika kitu cha enzi za watu wawili. Huo mpigie picha, halafu mpigie simu mtu wa makumbusho.

Mnyororo nao una kisa chake. Mwanzoni meno yalikuwa yanakwaruza mti na kuziba haraka. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, aliinama kutazama buu la mdudu likitafuna gogo. Lilikuwa linakula kushoto na kulia, halikwami. Akatengeneza jino la mnyororo kwa kuiga taya za buu, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo hiyo kutoka chini ya nyumba yake Portland. Karibu kila mnyororo unaouona leo ni mjukuu wa ule. Ila usikadirie umri wa msumeno kwa mnyororo wake. Mnyororo hubadilishwa kila mara. Ni sawa na kukadiria umri wa nyumba kwa balbu.

Kabureta, sasa. Misumeno ya mwanzo ilikuwa na kabureta ya boya, kama ya pikipiki ya zamani. Ukiilaza, petroli inakimbia na injini inakufa. Mtu alikuwa anageuza upanga peke yake ili injini ibaki imesimama wima. Kabureta ya diaframu ilipoenea miaka ya 1950, mkataji akaweza kuulaza msumeno apendavyo. Hapo ndipo msumeno wa mtu mmoja ukawa na maana. Jonsered walitoa wao, Raket, mwaka 1954.

Halafu gia. Misumeno mingi ya zamani ilipunguza kasi ya injini kwa gia kabla nguvu haijaufikia mnyororo. Mwaka 1959 Stihl wakatoa Contra: haina gia, klachi inazungusha mnyororo moja kwa moja, kilo 12, nguvu farasi 6. Mwaka huo huo Husqvarna, waliokuwa wametengeneza bunduki tangu 1689, kisha cherehani, kisha pikipiki, wakaona soko la pikipiki linazama, wakahamishia ujuzi wao wa injini kwenye msumeno wao wa kwanza. Kiwanda kiko dakika chache kutoka tulipokulia. Nimepita pale maisha yangu yote nikijua ni watu wa cherehani ya mama.

Chini ya flaiwili kuna ushahidi mwingine. Ukikuta platini, vile vijisahani viwili vinavyogusana na kuachana kutoa cheche, msumeno ni wa zamani. Mwanzo ukiwa ni wa kielektroniki, ni wa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na yaelekea zaidi ni wa 1970 kuja huku.

Mbele ya mpini wa juu, tazama kama kuna wenzo wa plastiki au chuma unaokinga mkono. Huo ni wenzo wa breki. Ncha ya juu ya upanga ikigusa mti vibaya, msumeno mzima huruka kuelekea usoni kwako. Mkono wako au uzito wa wenzo wenyewe unaisukuma breki, na mnyororo unasimama kabla hujapepesa jicho. Mwaka 1973 Husqvarna walitoa breki inayojifunga yenyewe kwa mruko huo. Msumeno usio na breki una uwezekano mkubwa wa kuwa wa kabla ya hapo, au muundo wake ni wa kabla ya hapo.

Sasa rudini kwenye mambo manne ya baba. Hauna gia: yaelekea ni baada ya 1959. Una platini, hauna breki: muundo wa kabla ya miaka ya 1970 kukolea. Linabaki la nne, mpini. Hilo nililielewa bandani.

Bandani

Baada ya miezi miwili nikapata tangazo la mzee mmoja wa kijijini Småland, saa moja na nusu kwa gari kutoka nyumbani. Alikuwa anauza misumeno miwili kwa pamoja au mmoja mmoja. Wa kwanza ulikuwa Husqvarna 180, kronor 900. Wa pili haukuwa na kibati, rangi ilikuwa imebaki kwenye pembe tu, kronor 500. Jina la kampuni ya ule wa pili baadaye tulilijua, lakini silitaji, kwa sababu wakati ule wengi walikuwa wanatengeneza hivyo hivyo.

Nikamchukua baba. Njiani alinipa masomo, na ninayaweka hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua:

Moja, usimwachie muuzaji auwashe kabla hujafika. Injini baridi ndiyo inasema kweli. Gusa silinda kwanza, kama ni ya moto jiulize kwa nini.

Mbili, vuta kamba taratibu. Injini ikikugomea, ikaachia, ikagoma tena, kompresheni ipo. Ikiteleza tu kama kamba ya kisima kisicho na ndoo, pistoni na ringi zake zimechoka.

Tatu, omba ruhusa ufungue ekzosi, umulike pistoni kwa tochi ya simu. Ikiwa laini, vizuri. Ukiona mikwaruzo ya kusimama, iliendeshwa bila oili ya kutosha. Injini hizi hunywa oili iliyochanganywa na petroli. Nyingi za zamani zilitaka sehemu moja ya oili kwa 16 au 25 za petroli, wakati za leo ni moja kwa 50. Mtu akiupa msumeno wa babu mchanganyiko wa leo bila kuuliza, anaweza kuuua.

Nne, shika flaiwili uitikise. Ikicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Tazama pia kasha la injini. Mengi ni ya magnesiamu, na yakioza hutoa unga mweupe.

Tano, soma namba kwenye mnyororo na upanga. Mnyororo wa hatua ya inchi 3/8 au 0.404 bado unauzwa madukani. Ukikuta wa 7/16 au 1/2, jiandae kuhangaika.

Sita, hesabu bei ya mipira na diaframu mpya za kabureta. Zilizokaa miaka 40 zimekauka, na petroli ya siku hizi yenye ethanoli inazimalizia.

Saba, na hili alilisema kwa sauti ya ubaba, msumeno usio na breki ni wa kuwekwa kabatini. Usikatie hata kuni ya chai.

Tulifika. Mzee wa Kiswidi alikuwa na umri kama miaka 80, mrefu, kofia ya sufi, mikono mfukoni. Baba, ambaye akifurahi husahau yuko wapi, akamsalimia "Kamwene!" kama wako Mafinga. Mzee akaitikia kwa Kiswidi kana kwamba amesikia hiyo salamu maisha yake yote.

Baba akaanza na 180. Akavuta kamba, akasikiliza. Akachungulia pistoni. Kisha akaushika kama mtu anayetaka kukata, kushoto juu, kulia nyuma, akaukandamiza chini. Mpini ukasogea, injini ikabaki ilipo. Akaukandamiza tena. Akaugeuza. Kati ya mpini na injini kulikuwa na vipande vya mpira mweusi.

"Huu mpira wa nini?" akauliza.

"Wa kuzuia mtetemo," mzee akajibu. "Huu nilinunua mwenyewe. Ule mwingine ni wa kabla yake."

Baba akaushika ule wa pili. Akaukandamiza. Haukusogea hata chembe, ulikuwa chuma juu ya chuma. Akatikisa kichwa polepole, akaniambia kwa Kiswahili, "Huu ndio. Huu ndio wenyewe." Nikadhani ni furaha.

Mzee akatoa mikono mfukoni. Banda lilikuwa na baridi, ilikuwa mwezi wa pili. Vidole vyake viwili vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kiungo cha kati, na mstari unaonekana. Baba akavitazama. Akavua glavu zake, akanyoosha mikono yake kando ya ile ya mzee.

"Na wewe?" mzee akasema. "Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi mitano tu na ule. Halafu nikapata huu."

Walisimama hivyo, wazee wawili, mikono imenyooshwa kama watoto wanaokaguliwa kucha shuleni. Mimi nilikuwa natazama vidole nilivyovicheka miaka thelathini.

Tarehe iliyo kwenye mpini

Niliporudi nilisoma usiku kucha. Weupe huu hapa Uswidi unajulikana kabisa, na jina lake la mtaani ni hilo hilo: vidole vyeupe. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliandika kuhusu vidole vinavyokatika damu kwa baridi. Mwaka 1918 daktari Mmarekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford, Indiana, kwa wachonga mawe waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vinakuwa vyeupe, na akaandika kwamba chanzo ni kifaa. Mwaka 1918! Baba yake baba yangu alikuwa hajaoa.

Hesabu yake ni rahisi. Injini inayozunguka mara 9,000 kwa dakika inautikisa mkono mara 150 kila sekunde. Ukiushika saa sita kwa siku, miaka kadhaa, mishipa midogo ya damu na ya fahamu inaharibika. Baridi ikija, vidole vinafunga damu. Uharibifu ukishafika mbali, hautibiki. Unabaki kuvaa glavu na kukwepa baridi. Na baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba ilitosha. Nilimuuliza baba, akakiri: vilianza kule, mwaka wa tano au wa sita. Uswidi haikumpa weupe, ilimpa majira marefu zaidi ya kuuona.

Watengenezaji walilijibu hili miaka ya 1960, wakata miti walipokuwa wanalalamika kwa wingi. Dawa ni ile niliyoiona bandani, kutenganisha mpini na injini kwa mpira, baadaye kwa springi. Stihl walileta mipini hiyo katikati ya miaka ya 1960, na Husqvarna 180 ikaja nayo mwaka 1969. Mtu wa kununua akishika mpini na kuukandamiza, kwa sekunde moja anajua msumeno uko upande gani wa historia.

Baba alianza kazi mwaka 1976. Mpini wa mpira ulikuwa na karibu miaka kumi duniani.

Mbona haukumfikia? Msumeno hauzeeki kama simu. Ukibadilishiwa pistoni na ringi, unaishi. Mkononi mwa mkandarasi anayehesabu shilingi, msumeno mzee unaowaka ni msumeno mzuri. Baba alilipwa kwa kipande, idadi ya miti kwa siku, kwa hiyo hakuuweka chini hata vidole vikifa ganzi. "Ukiuweka chini, mwenzako anakata mti wako," aliniambia. Alifanya kazi kwa wakandarasi zaidi ya mmoja, na simtaji yeyote, wengi ni marehemu.

Lakini hapa Uswidi, masika ya 1975, maelfu ya wakata miti waliweka misumeno chini bila hata idhini ya chama chao. Walitaka mshahara wa mwezi badala ya malipo ya kipande. Walijua kwamba malipo ya kipande ndiyo yanayomfanya mtu akimbie, aumie, aendelee kushika. Mgomo ule ulisaidia kulegeza mfumo wa kipande kwenye misitu ya nchi hii. Mwaka mmoja baadaye kijana wa miaka 21 alikabidhiwa msumeno wa chuma juu ya chuma huko Mufindi, kwa kipande, na hakuna aliyemwambia kitu.

Ndiyo maana nasema mambo yake manne yalikuwa tarehe. Nilidhani natafuta mwaka uliotengenezwa msumeno. Nilichokipata ni umbali kati ya mwaka ambao jambo lilijulikana na mwaka ambao lilimfikia baba yangu. Lilimfikia bandani Småland, ana miaka 69 na miezi kumi na moja.

Aliouchagua

Nilikuwa tayari na pesa za msumeno wa pili, ndio zawadi aliyoniomba. Nikatoa kronor 500. Baba akanishika mkono.

"Sio huo, mama. Chukua wenye mpira."

"Lakini baba, si umesema huu ndio wenyewe?"

"Ule nilishaulipia."

Mzee wa Kiswidi hakuelewa Kiswahili, lakini nadhani alielewa. Alipokea 900, akarudisha 200, akasema za petroli.

Sasa 180 iko sebuleni kwa wazazi, juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya bibi. Mama hapendi harufu yake. Baba akipita anaukandamiza mpini mara moja, unasogea, anaendelea na safari yake ya jikoni. Nilimpeleka hospitali pia. Daktari alimuuliza swali ambalo miaka yote hakuna aliyemuuliza, hata sisi: mikono hii ilikuwa inashika nini? Hakuna dawa ya kurudisha vidole. Ila sasa kwenye faili lake kuna neno sahihi, na sisi watoto tumeacha kile kichekesho.

Kwa hiyo ukienda kununua chensoo ya zamani, angalia kompresheni, angalia pistoni, soma kibati kama kipo. Lakini kwanza shika mpini, ukandamize. Na ukirudi nyumbani, usimuulize mzazi wako alifanya kazi gani. Hilo atakujibu kwa neno moja, dereva, mkulima, yaya, fundi. Muulize alikuwa anashika nini mkononi, na kilikuwa kinamfanya nini. Jibu lake mrekodi, mtutumie kwa sauti. Kipindi kijacho tutasikiliza hizo tu, na mimi nitanyamaza.